Trekta Lililopakwa Rangi

Ifakara,
4 Mei 1998

Mjomba Barnaba,

Shikamoo. Mama ameniamuru nianze na habari zake kabla ya zangu. Goti bado linamsumbua ila kanisani anafika, na anauliza kama bado unakula kwa mama ntilie au umeshapata mtu wa kukupikia. Mvua za El Nino zilibeba mpunga wetu wote wa bondeni. Tumebakiwa na kale kashamba ka juu, njia ya Kisawasawa. Sasa maji yameshuka na treni inapita, kwa hiyo nadhani barua hii utaipata.

Habari yangu ni kwamba tangu Februari nina kazi. Nilipotoka JKT Chita na cheti cha kuendesha trekta ulinicheka, ukasema nani atampa msichana usukani. Basi kanipa Bwana Hilari, msimamizi wa shamba la mbegu, huku njia ya Mofu. Madereva tuko wawili. Mwenzangu ni Mabula, Msukuma aliyeoa hapa. Mkewe ni Agnella, yule niliyesoma naye shule ya msingi. Mabula anaendesha trekta kubwa la kulimia. Mimi nina dogo, mtumba wa Japani, lililonunuliwa Dar mwaka jana kwa ajili ya kukata nyasi. Halina klachi. Ukikanyaga pedeli linakwenda, ukiinua mguu linasimama lenyewe. Nililipenda siku ya kwanza.

Tatizo lake ni joto. Asubuhi linachapa kazi. Ikifika saa nne giaboksi chini ya kiti inaanza kulia, sauti nyembamba kama mbu aliyeingia sikioni. Saa tano nakanyaga pedeli mpaka mwisho, injini inaunguruma, lakini magurudumu yanajikokota, na inatoka harufu ya oili iliyoungua. Nikiliweka kivulini saa nzima linapona. Rejeta haijachemka hata mara moja, moto wote uko nyuma. Bwana Hilari anasema nakanyaga kwa woga wa kike. Wewe una miaka ishirini gereji, niambie ni nini.

Mpwa wako,
Frida


Dar es Salaam,
19 Mei 1998

Frida mwanangu,

Marahaba. Mwambie dada Klementina bado nakula kwa mama ntilie, na tumeshazoeana hadi ananigombeza nikibakiza. Naishi palepale Vingunguti, chumba cha uani kwa tajiri wetu wa gereji. Poleni sana na mpunga. Na kile kicheko changu kifute, nilikosea.

Trekta la namna hiyo haliendeshwi na meno ya gia. Pampu inasukuma oili, na oili ndiyo inayozungusha magurudumu. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji, inapenya pasipotakiwa, nguvu inapotea njiani. Kukata nyasi ndiyo kazi inayolitesa kuliko zote: unakwenda polepole juani, mashine ya kukatia inanyonya nguvu, na makapi ya majani yanaziba kila tundu la kupitisha upepo. Fungua bamba la miguuni, toa makapi yote kwa brashi. Pima oili. Fanya hivyo asubuhi na mchana, hata Bwana Hilari akinuna.

Nina maswali mawili. Ukishafungua bamba hilo, ligeuze. Upande wa kushoto kuna mahali palipochomelewa, umbo kama ndoano? Na pale rangi ilipokwaruzika, chini yake kuna rangi gani? Nijibu upesi. Ni mazoea tu ya fundi.

Mjomba wako,
Barnaba


Ifakara,
7 Juni 1998

Mjomba,

Shikamoo. Mama anafurahi kuna mtu wa kukugombeza huko. Wiki iliyopita tulimzika Bibi Balbina wa jirani, alikuwa mgonjwa tangu Kwaresima. Tumevuna mahindi kidogo.

Nimefanya ulivyosema. Nimetoa makapi nusu gunia, na ndani yake kiota cha panya. Siku mbili trekta lilikuwa zuri, ya tatu likarudia. Niligusa giaboksi kujua joto limefika wapi, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Naandika kwa kujikaza.

Majibu yako ni haya. Alama ipo, ndoano kabisa. Nje rangi ni buluu, chini yake chungwa.

Na mimi nina swali. Juu ya pampu kuna mhimili mfupi unaozunguka. Kichwa chake ni kitupu. Kina tundu la boliti, lakini hakuna kilichofungwa. Pale palikuwa na nini?

Jambo jingine sijamwambia mama. Shamba letu linakingwa na tuta refu lisiingiliwe na mto. Mwaka huu nyasi za tutani zimenipita kimo, na Bwana Hilari anataka zikatwe zote ili waone nyufa kabla mvua hazijarudi. Alhamisi nilikuwa ubavuni mwa tuta, saa sita. Nikainua mguu, trekta halikusimama. Liliteremka taratibu, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Tuliishia kwenye kichuguu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaliacha palepale nikarudi kwa miguu.

Frida


Ifakara,
12 Julai 1998

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano hii, kimya. Mama anasema labda unaumwa. Namwambia posta ni posta, lakini Mabula alipata barua ya ndugu yake wa Dar kwa siku sita.

Sasa nakata nyasi za tambarare tu. Bwana Hilari amenipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimepanda tutani. Nimemweleza kuhusu breki. Akasema, "Nilipolichukua Dar fundi aliniambia liko sawa. Wewe unamjua fundi kuliko mimi?"

Usiku nalala nikifikiri jambo moja. Mimi sikukuandikia popote kwamba bamba limechomelewa. Ulijuaje?

Frida


Dar es Salaam,
20 Julai 1998

Mwanangu Frida,

Siumwi. Kazi zimekuwa nyingi. Nimepata barua zako zote mbili, mpe mama pole ya Bibi Balbina. Hapa Dar maji ya bomba yamekatika wiki mbili, ndiyo habari kubwa tuliyo nayo.

Soma yafuatayo mara mbili. Usipande tutani na trekta hilo. Si asubuhi, si jioni, hata likiwa limepoa. Breki zake zimo ndani ya oili ileile, oili ikiungua na breki zinakufa, kwa hiyo usihesabu una breki. Kwenye tambarare fanya kazi nusu saa, pumzisha nusu saa. Ukisikia ule mlio wa mbu, zima hapohapo.

Na kama wanakulazimisha, acha kazi. Njoo Dar, nitakutafutia kazi ya stoo. Sisemi kukutisha.

Swali lako la alama liache. Fundi huona mengi.

Barnaba


Ifakara,
9 Agosti 1998

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za goti wala za mahindi.

Mabula amekufa. Jumanne, tarehe nne. Nilikuwa naumwa tumbo siku hiyo sikwenda kazini, na trekta dogo akalichukua yeye akapanda tutani. Waliokuwa wakipalilia wanasema alifika saa sita bado anakata, mlio ukasikika mpaka kwao. Halafu wakaona trekta linarudi nyuma na Mabula amesimama juu ya pedeli ya breki kwa miguu miwili, anapiga kelele wapishe. Lilipinduka kwenye mfereji wa chini. Maji ya mfereji yalikuwa ya magotini, mjomba. Ya magotini tu. Lakini trekta lilikuwa juu yake, na walipopata watu wa kutosha kuliinua, ilikuwa imepita muda.

Barua yako ya maelekezo nilimsomea Bwana Hilari wiki moja kabla. Alisema fundi wa Dar haoni nyasi za huku. Sasa anawaambia watu Mabula alikuwa amekunywa. Mabula hakuwahi kunywa hata togwa lililolala. Agnella amekaa na watoto wawili, na kila anayekuja kumpa pole anamwangalia kama mke wa mlevi.

Nimekuuliza mara moja, hukujibu. Nakuuliza tena. Ulijuaje?

Frida


Dar es Salaam,
23 Agosti 1998

Frida,

Nimeanza barua hii mara nne.

Trekta hilo lilipita mikononi mwangu. Mwaka jana mwezi wa tano lilishushwa melini likiwa la rangi ya chungwa. Bamba la miguuni lilikuwa na ufa, nikalichomelea mimi. Huwa namalizia mshono wangu kwa kuukunja, ndiyo ndoano uliyoiona. Kwenye ule mhimili mtupu palikuwa na feni ndogo ya plastiki. Kazi yake ni kuipuliza giaboksi upepo, basi. Ilikuwa imevunjika mapanga matatu, inagonga. Nikamwambia tajiri tuagize nyingine. Akasema, "Mnunuzi anatoka bara, keshokutwa yuko hapa. Feni toa, rangi paka. Hao hawafungui bamba."

Nikaitoa. Nikapaka rangi ya buluu mara mbili, ikang'aa.

Breki nilijua zimelika. Nazo niliziacha.

Bwana Hilari alipokuja alinitazama usoni akaniuliza, "Fundi, liko sawa?" Nikamwambia, "Liko sawa, mzee." Katika hilo alilokuambia hakusema uongo.

Barua yako ya kwanza ilinitia shaka. Ya pili ilipofika na ile ndoano, nikaiweka chini ya godoro wiki tano. Nilijiambia nikikukataza tuta inatosha. Nilijiambia ni wewe tu unayeliendesha. Sikufikiri kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeweza kukaa kwenye kile kiti. Na chumba ninacholala ni cha tajiri, na umri wangu ni miaka hamsini na nne, nilifikiri hayo pia.

Msomee Agnella barua hii. Wasomee wote.

Barnaba


Mahenge,
6 Septemba 1998

Mjomba,

Usishangae anwani. Nimevuka kivuko, niko kwa shangazi Digna. Mama nimemwambia ninakuja kumsaidia kuvuna maharage. Maharage yalishavunwa.

Barua yako sikumsomea Agnella. Nilifika mpaka uani kwake nikiwa nayo mkononi. Akaniletea kigoda, akanisalimu vizuri, na mtoto wake mdogo akaja kunishika sketi. Nikasema nimepita tu kuwajulia hali, nikaondoka. Barua iko kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge.

Kumsomea ya kwako bila kusema ya kwangu, sikuweza. Tumbo halikuwa linaniuma. Jumatatu jioni nilimfuata Mabula akiwa anaosha trekta lake. Nikamwambia, "Mabula, tuta naliogopa, nichukulie kesho." Akacheka, akasema, "Wewe lala, shemeji. Mimi nimeshachunga ng'ombe kwenye miteremko mibaya kuliko hii." Nilikuwa na barua yako mfukoni, mjomba. Ile ya kusema usipande hata likiwa limepoa. Bwana Hilari nilimsomea, Mabula sikumsomea. Niliogopa akiisoma naye atakataa, halafu nitapanda mimi.

Shangazi amepata habari kutoka kwa watu wa kivuko. Trekta wamelitoa mferejini, wamemwaga oili wametia mpya, limewaka. Bwana Hilari anatafuta wa kuliendesha, maana nyasi za tutani ziko vilevile na mvua zinakaribia. Mdogo wake Mabula, aliyekuja msibani, amekubali. Ana hasira, anataka kuonyesha kwamba kaka yake hakuwa mjinga.

Mimi siwezi kurudi kule. Wewe unaweza kwenda?

Frida


Ifakara,
27 Septemba 1998

Mwanangu Frida,

Nakuandikia kwenye meza ya mama yako. Yuko nje anaanika, goti linamruhusu. Anajua yote, nilimweleza usiku wa kwanza. Hakunigombeza. Amenipikia kila siku, na nakwambia ningependelea kugombezwa.

Barua yako ilinifikia Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Jumapili nilimwambia tajiri naondoka na ninakokwenda. Akasema nikienda nisirudi, vitu vyangu nitavikuta barabarani. Nilivitoa mwenyewe, sanduku moja na godoro. Jumanne asubuhi nikashuka hapa stesheni, nikapata lori la mpunga linaloelekea Mofu.

Nikiwa bado barabarani nikausikia ule mlio. Ulivyouandika ndivyo ulivyo, mbu sikioni. Trekta lilikuwa katikati ya ubavu wa tuta na yule mdogo wake Mabula yuko juu yake. Nilikimbia, Frida. Sijakimbia tangu nikiwa mtu wa rika lako. Nikapanda tuta kwa mikono na miguu, nikampigia kelele aelekeze pua juu na asiinue mguu. Hakunijua, akadhani ni kichaa, lakini aliona uso wangu akatii. Nikasukuma mawe mawili nyuma ya magurudumu, nikazima injini, ufunguo nikautia mfukoni. Lilirudi nyuma kiasi cha shubiri moja, likayalalia mawe, likatulia. Kijana akaniuliza, "Mzee, wewe nani?" Nikamwambia, "Mimi ndiye fundi."

Bwana Hilari alikuja ameshika fimbo. Nikafungua bamba mbele yake na mbele ya wapaliliaji wote, nikamwonyesha mhimili mtupu, nikamwonyesha mshono wangu. Nikamwambia, "Uliniuliza kama liko sawa nikakudanganya. Na huyu binti alikuambia ukweli, ukamwita mwoga." Alikaa chini kwenye nyasi. Mchana ule tulikwenda wote polisi nikaandikisha maelezo, na jina la tajiri wangu nimelitaja. Wameniambia nisitoke Ifakara mpaka waniite. Alhamisi palikuwa na mkutano wa kijiji, na Bwana Hilari akasimama akasema Mabula hakuwa amekunywa. Alisema kwa sauti ndogo, wakamwambia arudie. Akarudia. Trekta liko kwenye banda la polisi, pampu yake nimeitoa mwenyewe.

Kwa Agnella nilikwenda peke yangu, Ijumaa. Alikuwa anapeta mchele. Hakunikaribisha kukaa, nikasimama juani nikasema yote, tangu feni mpaka godoro. Hakuacha kupeta. Nilipomaliza aliuliza swali moja: "Ulipokuwa unapaka ile rangi, ulikuwa unawaza nini?"

Nilitaka kumwambia niliwaza watu watakaolipanda. Nikashindwa kuongeza uongo mwingine. Nikamwambia, "Nilikuwa naangalia isichuruzike."

Aliweka ungo chini. Alinitazama mpaka nikaona aibu ya mikono yangu, nikaificha nyuma. Nikafikiri ataniambia niondoke.

Akasema, "Frida yuko wapi?"

Nikasema yuko Mahenge, anavuna maharage. Akasema, "Mwezi huu hakuna maharage ya kuvuna." Halafu akaniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mabula aliniambia asubuhi ile akinywa uji, kwamba Frida analiogopa tuta na kamwomba aende yeye. Nikamwambia asiende. Akasema Frida ana mama anayemtegemea. Nimekuwa nikimngoja aje aniambie. Alikuja na karatasi mkononi, nikamletea kigoda, akaondoka nayo. Kwani kulikuwa na nini kwenye ile karatasi ambacho mimi nisingeweza kukisikia?"

Si jibu langu.

Alipokuwa ananisindikiza aliongeza jambo moja tu: kivuko kinavuka kila siku, asubuhi na jioni.

Mjomba wako,
Barnaba